Bodaboda Hazitazima Nairobi, Ugali wa Saa Mbili Usiku Unaweza

Kila serikali inapozindua kundi jingine la pikipiki za umeme, swali linalofuata mitandaoni ni lile lile: stima yenyewe hupotea mvua ikinyesha robo saa, sasa hizo betri zitachajiwa na nini? Si swali la kubezwa. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa bila taa hadi aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani. Novemba giza likarudi, Desemba likarudi tena, na 2024 nayo ikapata lake. Mtu aliyepitia hayo yote akiambiwa kwamba matatu, bodaboda na jiko la nyumbani vyote vinahamia kwenye waya ule ule, ana haki ya kucheka.

Ila naona hofu hiyo imeelekezwa kwa mshukiwa asiye na hatia. Tukiketi na hesabu, magari ya umeme ndiyo mteja mwema kuliko wote ambao gridi ya Kenya, yaani mtandao wake wa stima, imewahi kuletewa. Anayepaswa kututia wasiwasi yuko jikoni na bafuni, na hakuna anayemzindua kwa hotuba.

Mapema 2025 matumizi ya stima nchini yalivuka megawati 2,300 kwa mara ya kwanza. Kilele hicho hakidumu siku nzima. Kinakuja jioni, kuanzia kama saa moja hadi saa tatu usiku, watu wakishafika nyumbani, taa zimewashwa, televisheni iko kwenye habari na pasi iko kwenye shati la kesho. Kwenye karatasi mitambo yetu inaweza kutoa zaidi ya megawati 3,000, na wengi wakiona tofauti hiyo wanauliza tunalilia nini. Tunalia kwa sababu saa mbili usiku sola imelala. Upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, wenye mitambo ya megawati 310, huvuma unapotaka. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga kushuka, hutoa kile ambacho mvua ya mwaka ule imeruhusu. Ndiyo maana mwishoni mwa 2024 Rais Ruto mwenyewe alikiri kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo huzimiwa stima kwa zamu ili mengine yapate. Ndiyo maana pia tunanunua megawati 200 kutoka Ethiopia tangu Novemba 2022, kupitia laini ndefu inayoshuka hadi Suswa. (Na jirani huyo anayetuuzia, kumbuka, alipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka wa 2024. Sisi bado tunajadiliana kama inawezekana.)

Sasa itazame gridi hiyo hiyo saa tisa usiku. Matumizi yameshuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Kule Olkaria, penye mitambo ya stima inayozungushwa na mvuke wa ardhini, mvuke unaendelea kupanda, kwa kuwa kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Kampuni ya KenGen hulazimika kuuachilia hewani mvuke ambao ungezungusha mitambo, maana hakuna wa kununua stima yake. Upepo wa Loiyangalani nao mara nyingi huwa na nguvu usiku, wakati hautakiwi. Ni kama Barabara ya Thika: saa kumi na mbili jioni huwezi kupenyeza hata mkokoteni pale Githurai, saa tisa usiku unaweza kulala katikati ya njia. Anayesimama pale jioni na kusema barabara imejaa anasema kweli. Anayesema tujenge nyingine kabla ya kuuliza ni nani anaweza kusafiri usiku, huyo anataka tenda.

Tuweke bodaboda kwenye mizani. Betri ya pikipiki ya umeme inayotumika Nairobi ina uwezo wa kama uniti tatu za stima, uniti moja ikiwa kilowati-saa moja. Mwendeshaji anayeshinda kazini hula mbili kwa siku, tuseme uniti sita. Chukua pikipiki 100,000 za namna hiyo. Hizo ni uniti 600,000 kwa siku, yaani megawati-saa 600. Kenya nzima hutumia takriban gigawati-saa 14,000 kwa mwaka, ambazo ni karibu megawati-saa 38,000 kwa siku. Pikipiki laki moja zingeongeza chini ya asilimia mbili. Zikichajiwa zote kati ya saa nne usiku na alfajiri, zinahitaji megawati kama 75 hadi 80, huku tofauti kati ya kilele cha jioni na bonde la usiku wa manane ni karibu megawati elfu moja. Hesabu inaisha hapo, na nimewapendelea wenye shaka.

EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za stima, iliiona hesabu hii mapema. Katika bei za stima zilizoanza Aprili 2023 iliweka bei maalumu ya vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo zile nyingine ndefu kama mkia wa risiti. Ulikuwa uamuzi mzuri, na sijui kwa nini hausifiwi zaidi.

Lakini simama kidogo kwenye kituo cha kubadilishia betri uone jinsi bei nzuri inavyoweza kukosa mtu wa kuitumia. Kabati la chuma limesimama kando ya pampu za mafuta, matundu yake yana taa, nyekundu kwa betri inayochaji na kijani kwa iliyojaa. Mwendeshaji anafika, anafungua kiti, anaivuta betri kwa mpini wake, anaitumbukiza kwenye tundu tupu, anangoja mlango wa pili ufunguke. Dakika mbili ameondoka. Niliuliza mmoja kama anajali stima yake inatoka wapi na saa ngapi. "Mkubwa, mimi nikikuta kijani naenda. Nikikuta nyekundu tupu ndio shida." Shida hiyo hutokea jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili, wakati abiria ni wengi, kila mwendeshaji anataka betri mbichi, na betri zilizorudishwa lazima zichajiwe papo hapo, saa za bei ghali, gridi ikiwa imebanwa. Kungoja hadi saa nne usiku kunahitaji mwenye kituo awe na betri za ziada za kutosha kuvuka jioni, na betri ndicho kitu cha bei kubwa zaidi katika biashara nzima. Kwa hiyo ile shilingi nane ni zawadi kwa mwenye mtaji wa kuweka akiba. Kampuni kama Ampersand, Roam, Spiro na ARC Ride zitashindana kwa mambo mengi, lakini kwa upande wa gridi ushindani wenye maana ni mmoja: nani ana betri nyingi zilizokaa bure saa moja jioni.

Mabasi ni rahisi zaidi, kwani basi hulala. BasiGo ilipoleta mabasi yake ya kwanza Nairobi mwaka wa 2022 wengi walidhani shida itakuwa barabara mbovu na makanga wakorofi. Kwa gridi, basi la matatu ni ndoto: linaingia yadi saa nne au saa tano usiku, linatoka saa kumi alfajiri, na katikati hapo halina la kufanya. Yadi yenye mabasi 20, kila moja likihitaji uniti 100, inahitaji uniti 2,000 katika muda wa kama saa tano. Hizo ni kilowati 400, kazi ya transfoma moja ya kadiri. Yadi ya mabasi 100 inahitaji megawati mbili na laini yake ya kilovolti 11. Hiyo si kazi ndogo, lakini ni kazi inayojulikana: mwenye yadi anaandika maombi, mhandisi anakuja kupima, gharama inalipwa, nguzo zinasimikwa. Kiwanda cha mabati hupitia hayo hayo.

Kikwazo cha mabasi kiko kwenye karatasi. Bei ile maalumu ya EPRA ina kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30: uniti 500 kwa siku. Mabasi matano. Yadi inayotaka kukua zaidi ya hapo inahamia bei za wateja wakubwa, ambako unalipia uniti zako na juu yake unatozwa kwa kilele chako mwenyewe cha mwezi. Bei iliyoandikwa kuhimiza usafiri wa umma wa umeme inamtosha mwenye matatu tano. Sijui ilikusudiwa hivyo au kuna mtu alisahau kuzidisha.

Magari ya kibinafsi nitayapita. Mwenye Nissan Leaf kule Karen au Runda ana lango, ana ukuta wa kufungia chaja, na huenda ana sola juu ya paa. Mwenye gari anayeishi ghorofa ya saba Kileleshwa hana soketi hata moja kwenye maegesho, na huo ni ugomvi wake na mwenye jengo. Nairobi husafiri kwa matatu, kwa boda na kwa miguu.

Turudi nyumbani basi, kwenye ile sehemu ya mada isiyo na utepe wa kukata.

Nairobi ilianza kuhamishia nyumba zake kwenye stima zamani, bila sera, kupitia bafu. Ile shawa ya umeme, inayochemsha maji palepale kwenye kichwa cha bomba, huvuta kilowati nne na nusu hadi tano na nusu. Chaja ya betri moja ya pikipiki kwa kawaida haifiki hata kilowati moja. Maana yake, mpangaji wa Roysambu anayeoga saa kumi na mbili asubuhi anaielemea transfoma ya mtaa kuliko bodaboda tano zinazochaji. Anaoga dakika kumi tu, ni kweli, lakini jengo lina wapangaji 60 na wote wanataka kufika mjini saa mbili. Serikali ilijaribu kulishughulikia jambo hili. Kanuni za 2012 zilitaka majengo yanayotumia maji moto mengi yaweke mitambo ya kupashia maji kwa jua. Wenye majengo wakalalamikia gharama, usimamizi ukalegea, na shawa zikaendelea kuuzwa. Hakuna mtu aliyeandika makala kuuliza kama gridi itamudu shawa.

Sasa linakuja jiko. Serikali imeahidi upishi safi kwa kila Mkenya ifikapo 2028, mwaka wa 2024 ilizindua mkakati wa kupika kwa umeme, na Kenya Power imekuwa na kampeni yake ya "Pika na Power" kwa miaka kadhaa. Naiunga mkono nia hiyo kwa moyo wote. Moshi wa makaa unaua, mtungi wa gesi unategemea dola na meli inayotia nanga Mombasa, ilhali stima yetu karibu yote inatokana na mvuke, maji, upepo na jua. Lakini kabla ya kushangilia ni lazima tuulize: tunapika nini, na saa ngapi?

Chukua githeri. Sufuria ya presha ya stima ina kilowati moja hivi, imefunikwa, haipotezi joto, na ikishafika kwenye presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Maharagwe na mahindi yaliyolowekwa huiva kwa chini ya nusu uniti. Kwa bei ya nyumbani, ambayo ukijumlisha kodi na tozo hufika kama shilingi 30 kwa uniti katika daraja la juu, hiyo ni githeri ya kuivishwa kwa chini ya shilingi 15. Makaa hayawezi kushindana. Tena githeri haina haraka. Unaweza kuiweka saa nne asubuhi, saa nane mchana, au ukaitegea saa iive usiku na kukuta iko tayari alfajiri. Kwa macho ya mhandisi wa gridi, githeri ni ndugu ya basi: inakula wakati wengine hawali.

Ugali ni mnyama mwingine. Ugali unataka moto mkali mfululizo, mwiko ndani, kifuniko nje. Kwenye jiko la umeme la sahani ni kilowati moja na nusu hadi mbili kwa karibu nusu saa, na kando yake kuna sukuma wiki inayotaka sahani yake. Haupikwi saa nane mchana ukala usiku, labda kama umeamua kuachana na familia yako. Unapikwa saa mbili, unaliwa moto, na saa mbili ndiyo ile saa ambayo Rais alisema tunazimiana. Chapati nazo zina tabia hiyo hiyo, isipokuwa zinachukua muda mrefu zaidi.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Nairobi ilikuwa na kaya milioni 1.5 na ushee. Tuseme theluthi moja, kaya 500,000, zinahamia kwenye stima kwa chakula cha jioni. Hazitawasha zote dakika moja. Tuseme kwa wakati wowote kati ya saa moja na saa tatu, moja katika kila tatu imewasha, na imewasha kilowati moja na nusu tu. Hizo ni megawati 250, zimeongezwa juu kabisa ya kilele, mahali ambapo hakuna nafasi. Linganisha na zile megawati 80 za pikipiki laki moja, ambazo zinaweza kusukumwa hadi usiku wa manane. Na megawati 250 za jioni zitatoka wapi? Kwa mitambo iliyopo leo, sehemu kubwa ingetoka kwenye injini za mafuta mazito kule Athi River na Thika, ambazo huwashwa jioni kuziba pengo. Gharama ya mafuta hayo inaingia kwenye bili ya kila mteja nchini kupitia ile tozo ya mafuta, hata bili ya mama wa Bomet ambaye stima yake ilizimwa saa hiyo hiyo.

Kuna mahali Nairobi ambapo nyumba zimeshahamia kabisa kwenye upishi wa umeme, na si Lavington. Ingia Mukuru au Mathare kwenye vyumba vinavyotumia stima ya sambaza, ile inayovutwa kwa waya kutoka kwenye nguzo na mtu wa mtaa anayekusanya malipo ya mwezi. Utakuta koili: waya uliopindwapindwa kama springi, umelazwa kwenye kitako cha udongo au bati, unawaka mwekundu, na sufuria ya maharagwe juu yake tangu asubuhi. Hakuna mita, malipo ni yale yale upike au usipike, kwa hiyo watu wanapika kwa stima kutwa nzima. Ni mantiki safi ya kiuchumi. Kenya Power inapozungumzia zaidi ya sehemu moja ya tano ya stima inayonunua kupotea njiani kabla ya kulipiwa, sehemu ya upotevu huo inachemka pale. Matokeo ya pili ni transfoma. Zinaungua, mtaa unakaa gizani siku kadhaa, inaletwa nyingine, nayo inaungua. Watu husema ni wizi, na ni wizi kweli, lakini kwa anayetaka kujua itakuwaje kaya nyingi zikipika kwa stima chini ya transfoma iliyopimwa kwa ajili ya taa na redio, jaribio limeshafanywa na majibu yako juu ya nguzo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaojadili gridi kana kwamba ni hesabu ya megawati za taifa. Gridi inayokugusa wewe ni ile boksi ya kijivu inayonguruma nje ya dirisha lako. Chukua transfoma ya kVA 200, yaani ya kubeba kama kilowati 200, inayohudumia nyumba 150 katika mtaa wa maghorofa kama Pipeline au Zimmerman. Gawa, kila nyumba inapata kilowati moja na kidogo. Inatosha, kwa kuwa si wote wanaowasha vitu vizito pamoja. Weka sasa sufuria za umeme 50 na shawa 30 kwa wakati mmoja: kilowati 50 za sufuria na 150 za shawa, na bado hatujahesabu friji moja. Zaidi ya hayo mzigo haugawanyiki sawa. Stima inashuka kutoka kwenye transfoma kwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto, na kila nyumba imefungwa kwenye moja. Fundi aliyeunganisha jengo jipya huenda alilirundika kwenye fezi iliyokuwa karibu na ngazi yake. Ndiyo maana saa mbili usiku taa zako zinafifia hadi kuwa za rangi ya chai huku za jirani wa mlango wa mkabala zinawaka vizuri, na ndiyo maana fyuzi ya nguzo hukatika upande mmoja wa ngazi na upande mwingine watu wanaendelea kutazama mpira.

Yadi ya mabasi inakuja na barua ya maombi. Sufuria haiji na barua. Inanunuliwa sokoni, inafika nyumbani ndani ya mfuko, na kampuni ya umeme inagundua uwepo wake siku transfoma inapotoa moshi. Norway, ambako karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa 2024 yalikuwa ya umeme, ilikuwa na bahati moja ambayo husahaulika: nyumba zake zilishazoea kupashwa joto kwa stima kwa miongo mingi, waya zake za mitaani zilikuwa nene tayari. Sisi tunaanzia kwenye waya wa balbu.

Na bei zetu zinamsukuma mpishi upande usiofaa. Kaya inayotumia hadi uniti 30 kwa mwezi iko kwenye daraja la chini kabisa, bei ya kumsaidia maskini. Githeri na wali kwa sufuria ya stima zinaweza kumwongezea uniti 15 au 20. Akivuka 30 anahamishwa daraja, na bei ya kila uniti inapanda, hata zile za taa alizokuwa akilipa nafuu. Akivuka 100 inapanda tena. Tunamwambia mama wa Kayole apike kwa stima kwa afya ya wanawe, kisha tunampiga faini kwa kutusikiliza. Wakati huo huo mita yake ya tokeni inahesabu uniti tu. Haijui saa. Githeri ya saa nne asubuhi na ugali wa saa mbili usiku kwake ni sawa, kwa hiyo hana sababu hata moja ya kipesa ya kupika mapema kile kinachoweza kupikwa mapema. Pikipiki ilipewa usiku wa shilingi nane. Kiwanda kilipewa punguzo la usiku. Nyumba haikupewa chochote.

Najua jibu litakalotolewa: tuongeze mitambo. Linatajwa tayari, pamoja na kinu cha nyuklia, ambacho kwanza kilielekezwa Uyombo kule Kilifi, wenyeji wakakikataa, kisha macho yakageukia Siaya. Mimi si mpinzani wa nyuklia kwa imani. Ila kinu cha namna hiyo hupenda kufanya kazi saa 24 kwa kasi ile ile. Kitatupunguzia makali ya jioni, kisha saa tisa usiku kitaongeza stima juu ya ile ambayo tayari tunaitupa kama mvuke, na mikataba yetu ya umeme hulipia uwezo wa mtambo hata ukikaa bure. Bila mteja wa usiku, kila megawati mpya ya namna hiyo inapandisha bei ya uniti. Mteja wa usiku tuliye naye ni basi na bodaboda. Wanaosema tusubiri gridi iwe imara kabla ya kuleta magari ya umeme wanataka duka lijae bidhaa kwanza, wanunuzi waje baadaye.

Transfoma hazitengenezwi kwa hotuba pia, lakini ni kazi ya bei nafuu kuliko kinu. Kifaa cha kupima mzigo kwenye kila fezi ya transfoma za Nairobi kingeonyesha ni mitaa ipi ina nafasi ya sufuria 100 na ipi imeshajaa, na pengine nusu ya shida ingeisha kwa kuhamisha majengo machache kutoka fezi moja hadi nyingine, kazi ya fundi, ngazi na asubuhi moja bila stima. Hilo lifanyike kabla ya kampeni ya jiko kuingia mtaa huo. Leo mpangilio ni kinyume: kampeni inakwenda na jiko, transfoma inafuata ikishaungua.

Bei zilizoanza 2023 zilipangiwa miaka mitatu, na kila EPRA inapoitisha maoni ya umma kuhusu bei, wenye viwanda huja na mawakili na wenye nyumba huja na malalamiko. Safari hii wenye nyumba waje na ombi mahususi: mita zinazosoma saa, uniti za kupikia zisizomhamisha mtu daraja zikitumika kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, na kikomo cha uniti 15,000 kiondolewe kwa yadi za matatu zinazochaji usiku pekee. Majaribio yaanzie Pipeline, si Runda. Runda ina nyumba zenye nafasi, jenereta na sola, na matokeo yake hayatatufundisha kitu. Pipeline ina maghorofa yaliyobanana hadi jua halifiki chini, wapangaji wanaonunua tokeni za shilingi 50, na transfoma ambazo mafundi wanazijua kwa majina.